Wageni wanakuja Tanga mwezi wa sita: nianze nao milimani au pwani?

Mgeni_Chumbageni:
Wakuu, salaam. Nimehamia Tanga kikazi mwaka jana na mkoa wenyewe bado siujui. Najua Ngamiani, Raskazone, basi. Likizo ya mwezi wa sita dada yangu anakuja kutoka Dodoma na wanawe wawili, pamoja na mama. Mama magoti yanamsumbua, ngazi na miteremko hawezi. Watoto bahari hawajawahi kuiona, na tangu waonyeshwe picha za Maziwe, kile kisiwa cha mchanga cha Pangani, wanaota hiyo tu. Tuna wiki moja, gari hatuna. Lushoto, Amani, Pangani, mapango ya Amboni, kote natamani ila najua hakutatosha. Mngekuwa nyie mngepangaje?

Msambaa_wa_Soni:
Anza Lushoto mkuu, na wala wasije Tanga mjini kwanza. Basi la Dodoma linapita Chalinze hadi Segera. Washuke pale Segera, wadake gari la Lushoto au la Arusha, wewe uwasubiri Mombo. Wakifika mjini kwanza, mtairudia njia ya Muheza bure. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kupanda, kona juu ya kona. Mtoto anayetapika akae mbele, na asishindiliwe chipsi pale stendi. Irente, pale ukingoni pa kutazamia mandhari, gari linafika karibu kabisa, kwa hiyo mama atakaa zake aione nyika ya Mazinde iko chini huko. Masweta msisahau, asubuhi za mwezi wa sita mdomo unatoa moshi.

Bondei_Halisi:
Kila uzi Lushoto, Lushoto! Amani mnaiachia nani? Bustani ya mimea ile ilianzishwa 1902, enzi za Mjerumani, na msitu wake ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Watoto wakiona vinyonga wa kule hawatakaa wasahau. Ila nisikudanganye, barabara ya kutoka Muheza ni ya vumbi na mawe, mvua ikinyesha ni utelezi, na usafiri wa abiria ni wa kubahatisha. Kwa magoti ya mama na bila gari, safari hii iacheni. Nimesema kwa uchungu.

Mzee_wa_Ngamiani:
Mwanangu, hiyo Maziwe si ya kwenda siku unayojisikia. Maji yakijaa, kisiwa hakipo. Zamani kilikuwa na mivinje, leo ni fungu la mchanga mtupu, hata kivuli cha kumkalisha mama hakuna. Nendeni siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maana siku hizo maji hupwa kabisa saa nne, saa tano asubuhi na mchanga unaonekana wote. Na mwezi wa sita ni kusi hiyo, upepo mkali wa kutoka kusini. Kurudi mchana upepo umeshakaza, mashua inawarushia maji mpaka kwenye nguo za ndani. Tokeni alfajiri, na nahodha akisema leo hapana, msimbembeleze.

Mama abaki Pangani mjini anywe chai akitazama kivuko kinavyovusha watu mtoni. Njiani mpitisheni Tongoni, pale ni tambarare. Kuna gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengine yana minara. Vasco da Gama alipita maji hayo miaka ya 1498 na 1499, na merikebu yake moja iliishia huko huko.

MamaWawili_Pangani:
Mzee kamaliza. Mimi naongeza la pesa: ada ya hifadhi ya bahari mara nyingi iko mbali na nauli ya mashua, kwa hiyo ulizeni yote kabla hamjakanyaga maji. Tafuteni wenzenu mchangie chombo, mkienda peke yenu itawauma. Majaketi ya kuokolea yavaliwe, yasikaliwe. Na mkirudi tafuteni bada, ule ugali wa muhogo, na samaki wa kupaka, msije mkala wali maharage kama mko Dodoma.

Mgeni_Chumbageni:
Dada umenichekesha 😂. Na Amboni je?

Msambaa_wa_Soni:
Hiyo wekeni siku ya kuondoka au ya mapumziko, ni kama kilomita 8 tu toka mjini, njia ya Horohoro. Mama asiingie, ndani ni giza, chini panateleza na kuna sehemu mnapita kwa kuinama. Watoto waende na mwongoza wageni, awape visa vya Osale Otango, yule aliyesakwa na serikali ya mkoloni akajificha humo.

Mgeni_Chumbageni:
Basi imekaa hivi: Lushoto siku tatu, tushuke mjini tupumzike, halafu Pangani tulale huko ili alfajiri itukute kwenye maji. Amani nitakwenda mwenyewe baadaye, Bondei usininunie. Nimetazama kalenda, mwezi mpevu unaangukia kabla hawajafika. Mzee, nikisubiri mwezi uandame itafaa?

Mzee_wa_Ngamiani:
Itafaa. Siku ya pili au ya tatu baada ya kuandama bado maji yanapwa vizuri. Dada yako akate tiketi ya kurudi baada ya hapo, siyo kabla.