mRNA ikijikunja, ribosomu inapitaje?

Kijana wa Kodoni: Wakuu, habari zenu. Kila kitabu ninachofungua kimechora mRNA, yaani nakala ya jeni ambayo ribosomu huisoma ili kutengeneza protini, imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Lakini ni uzi mmoja wa herufi nne, G humtafuta C, A humtafuta U, kwa hiyo lazima ujikunje na kufanya vitanzi. Na mlango wa ribosomu haupitishi nyuzi mbili zilizoshikana. Ikikuta kitanzi inafanyaje? Nani anakifungua?

Mzee wa Pipeti: Inakifungua yenyewe. Mwaka 2005 kundi la Harry Noller kule California lilionyesha kwamba ribosomu ya bakteria hufumua mikunjo bila helikesi (kimeng'enya cha kufumua nyuzi) ya pembeni. Mlango unaousema umezungukwa na protini S3, S4 na S5. Walipobadilisha asidi amino zenye chaji chanya kwenye S3 na S4, ufumuaji ukadhoofika.

Kazi ya 2011 ndiyo ninayoipenda zaidi. Watafiti Bustamante, Tinoco na wenzao waliikamata mRNA moja kwa vibanio vya mwanga wa leza, wakaitazama ribosomu moja ikifanya kazi. Walichokiona: inalegeza jozi zilizo mlangoni, halafu kila inaposogea kodoni moja (herufi tatu) huuvuta uzi kwa nguvu. Penye G na C nyingi mwendo hupungua, ila haikwami.

Kijana wa Kodoni: Nguvu ya kuvuta ni GTP, ile molekuli ya nishati, inayotumiwa na EF-G, protini inayosaidia ribosomu kusogea?

Mzee wa Pipeti: Msogeo ule ndio unaotumia EF-G na GTP, naam. Ribosomu ikishapita, uzi unaweza kujikunja tena nyuma yake, isipokuwa ribosomu nyingine inafuata kwa karibu.

Binti Seli: Naongezea. Kwenye seli zetu, kabla ya AUG, kodoni ya kuanzia, anayetafuta mwanzo ni kipande kidogo cha ribosomu, na hapo kweli kuna helikesi, eIF4A, inayotumia ATP, molekuli nyingine ya nishati. Usichanganye hatua hizo mbili. Kwenye mtihani wengi huanguka hapo.

Kijana wa Kodoni: Basi mkunjo ni kero tu?

Mzee wa Pipeti: Waulize virusi! Virusi vya korona vina fundo la RNA mbele kidogo ya herufi UUUAAAC. Ribosomu ikikabana na fundo hilo, mara nyingine huteleza nyuma nyukleotidi (herufi) moja na kuendelea kusoma kwa mpangilio mpya. Bila mtelezo huo polimerasi ya kirusi, yaani kimeng'enya kinachonakili RNA yake, haitengenezwi.

Binti Seli: Ndiyo maana wapo wanaotafuta dawa ya kulivuruga fundo lenyewe.

Kijana wa Kodoni: Na ribosomu isiyoteleza?

Mzee wa Pipeti: Hukutana na kodoni ya kusimama hatua chache mbele, ikaachia. Kirusi kinazihitaji zote mbili, kwa uwiano wake.