Kuzunguka Japani na kundi la taiko na shamisen: viza, ngoma za ngozi, mizigo

Ngoma_Kirumba aliuliza:

Wadau, mwangaluka. Kundi la muziki wa asili la Japani (taiko, yaani ngoma zao, shamisen, chombo cha nyuzi tatu chenye ngozi, na mpiga shakuhachi, ile filimbi ya mwanzi) limenialika nizunguke nalo miji kadhaa mwakani kuanzia Juni, kama mwezi na nusu. Nitapiga ngoma za Kisukuma kwenye vipande viwili vitatu, muda mwingine nasaidia kupanga vyombo. Malazi juu yao, na posho ipo. Wanasema niombe viza ya utalii kwa kuwa ni nyepesi. Je, inatosha? Ngoma zangu mbili za ngozi ya ng'ombe na manyanga nibebe? Treni kila mtu anajitegemea, sasa nikate ile pasi ya watalii? Niko Mwanza, sitaki safari za Dar zisizo na maana.

Dirishani alijibu:

Haitoshi, mkuu. Anayekushauri hivyo hatakuwa na wewe kwenye dirisha la uhamiaji uwanja wa ndege wa Narita utakapoulizwa manyanga ni ya nini. Ukipanda jukwaani ukalipwa, hata wakiita posho, hiyo ni kazi, na viza ya utalii hairuhusu kazi ya malipo. Hadhi inayokuhusu ni ya watumbuizaji, wenyewe huiita *kogyo*.

Kazi kubwa ni ya mwenyeji, siyo yako. Yeye ndiye anayeomba Cheti cha Ustahiki kwenye uhamiaji wa kwao, na huchukua mwezi 1 hadi 3. Wewe mtumie wasifu wako na ushahidi kwamba kweli unafanya sanaa: picha za maonyesho, vipeperushi, barua za waliokualika huko nyuma. Yeye aambatanishe mkataba unaotaja malipo na ratiba yenye majina ya kumbi. Cheti kikitoka kinadumu miezi 3 tu, na tangu 2023 kinaweza kuja kwa barua pepe. Kwa hiyo kwa safari ya Juni aanze mwishoni mwa Februari. Akiwahi sana kinakufia mkononi, akichelewa unakosa maonyesho ya kwanza. Ukishakipata ndipo unashuka Dar ubalozini. Nyaraka zikiwa kamili, kwa kawaida ni siku 5 za kazi.

Ile pasi ya treni isahau. Inauzwa kwa wenye muhuri wa mgeni wa muda mfupi, na ukiingia kwa kogyo huna muhuri huo. Wengi hulijua hili wakiwa kaunta, pesa imeshatoka. Ndiyo sababu kipengele cha "kila mtu ajitegemee" kirudishwe mezani kabla ya kusaini: treni ya kasi kati ya mji na mji itakula posho yote. Uliza pia kama kiasi walichotaja ni kabla ya kodi, maana msanii asiye mkazi hukatwa asilimia 20.42 papo hapo. Na usisahau kibali cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) cha kwenda kutumbuiza nje.

Mwamba_Ngozi alijibu:

Kwenye ngoma ushauri wangu ni mmoja: ziache nyumbani.

Ngoma zetu huwambwa kwa ngozi mbichi iliyokaushwa juani, mara nyingi na manyoya bado yapo pembeni. Kwa mkaguzi wa mifugo hiyo siyo sawa na mkoba wa ngozi iliyosindikwa kiwandani. Japani wanaogopa sana ugonjwa wa miguu na midomo, na huku kwetu upo. Bila vyeti vya mifugo wanavyovikubali wao, ngoma inaweza kuzuiwa uwanjani au kuteketezwa. Kama ni lazima uzibebe, mwenyeji apeleke picha kwa wakaguzi wao wa karantini ya wanyama na apate jibu la maandishi kabla hujazifunga.

Manyanga nayo yana mbegu ndani, na mbegu zinataka cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka yetu ya afya ya mimea. Njia fupi ni kuyafungua, kutoa mbegu zote na kujaza shanga za kioo. Sauti inakuwa kali kidogo, ila inakubalika. Njuga za chuma hazina neno, weka kwenye begi la chini. Kitu chochote cha chatu, hata kipande cha mkanda, kisiguse begi lako. Wacheza nyoka mnanielewa.

Badala ya ngoma zako omba *okedo*. Imeungwa kwa mbao nyembamba kama pipa, ni nyepesi, inaning'inizwa begani, na kamba zake zinakazwa hadi upate sauti unayoitaka. *Nagado* ina mlio mzito unaofaa bugobogobo, ile ngoma yetu ya majembe, lakini ngozi yake imepigiliwa misumari, haikazwi. *Shime* ni ndogo na kali mno, ukiipiga kwa nguvu za uwanja wa Bujora utafunika shamisen yote.

Jifunze mapigo kwa mdomo kabla hujaondoka, wao hufundishana hivyo: *don* ni pigo kamili katikati, *doko* mawili ya haraka, *ka* kwenye ukingo wa mbao, *tsu* mguso mdogo. Shakuhachi ikianza sehemu isiyo na mwendo wa kuhesabika, usiijazie. Sikiliza pumzi ya mpigaji, ingia anapomaliza. Usiweke fimbo juu ya ngozi ya ngoma, wala usiruke chombo cha mtu kilicholala sakafuni.

Ngoma_Kirumba:

Ahsanteni sana, hapo kwenye pasi nilikuwa naelekea kuumia. Hali ya hewa Juni ikoje? Na nibebe nini?

Begi_Moja alijibu:

Juni hadi katikati ya Julai ni masika yao sehemu kubwa ya nchi, isipokuwa Hokkaido. Unyevu unalegeza ngozi, na huwezi kukanza ngoma kwa moto nje ya ukumbi kama huku. Kaza kamba kabla ya onyesho, legeza baada ya onyesho. Shamisen isiachwe kwenye gari, ngozi yake hupasuka kirahisi.

Begi kubwa litangulize kwa *takkyubin*, huduma yao ya kusafirisha mizigo: unaliacha mapokezi leo na kesho yake linakusubiri mji unaofuata. Mwisho kilo 30. Kwenye treni za kasi za Tokyo kwenda Osaka hadi Kyushu, begi ambalo urefu, upana na kimo vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 linahitaji kiti maalumu kilichowekwa mapema. Likizidi 250 halipandi kabisa.

Umeme ni volti 100, plagi ya pini mbili bapa. Chaji ya simu sawa, pasi ya nguo acha.

Jambo ambalo watu wa ziwani wanalipuuza ni malaria. Ukishikwa na homa wiki za mwanzo, mwambie daktari mapema kabisa kwamba umetoka eneo la malaria, maana huko wanaiona kwa nadra na watakutibu mafua. Beba dozi ya dawa mseto ikiwa kwenye pakiti yake pamoja na karatasi ya daktari. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine usibebe, nyingine zimepigwa marufuku kule.

Dirishani:

Naongezea la tiketi. Ukikata Mwanza–Dar peke yake, begi linaishia Dar: ulichukue Terminal 2, uhamie Terminal 3, upange foleni upya. Kata tiketi moja hadi Tokyo, au fika Dar siku moja kabla.