Mmea wangu wa miiba unapukutisha majani na shina linabonyea, nifanyeje? (Niko Dodoma)

MamaWawili_Kisasa
Habari za jioni wadau. Naombeni ushauri, hasa mliopo Dodoma.

Mwaka jana nilipohamia huku kikazi nilitoka Dar na mmea nilioununua kando ya barabara. Muuzaji aliuita "mnazi wa jangwani". Shina la kijivu limenyooka, miiba mwili mzima, juu kabisa majani marefu yamejipanga kama mwavuli. Ni mita moja na ushee. Nilisafiri nao umelala kiti cha nyuma, nimeuviringisha kanga mbili, na bado ulinichoma.

Masika yote ulipendeza. Mwishoni mwa Mei majani yakaanza kuwa njano na kudondoka. Nikajua ni kiu, maana upepo wa huku mnaujua. Nikaongeza maji: kutoka mara mbili kwa wiki hadi kopo moja kila jioni. Sasa yamebaki majani manne, na shina pale chini karibu na udongo nikilibonyeza kwa kidole gumba linaingia ndani. Uko kwenye ndoo ya lita 20, udongo mwekundu wa uwanjani na samadi. Maji ni ya kisima.

Nimekosea wapi?

Mchokozi_Nkuhungu
Dada, watu wanakuja Dodoma kulima zabibu, wewe umebeba miiba kutoka Dar! Miiba ya huku ya bure haikutoshi? Weka picha basi.

Mzee_wa_Korongo
Ndoo ina matundu chini?

MamaWawili_Kisasa
Shikamoo mzee. Lipo moja, nilitoboa kwa msumari wa moto.

Kijana_Chamwino
Huo ni jamii ya mnyaa tu. Kata juu ya palipooza, acha kipande kikauke wiki moja, chomeka ardhini. Uzio wetu wote nyumbani tumeuotesha hivyo hivyo, haujawahi kugoma.

Mzee_wa_Korongo
Marahaba mwanangu. Usikate kwanza. Chukua tochi uiangalie miiba kwa karibu, inatoka mingapi mahali pamoja?

MamaWawili_Kisasa
Nimetoka kuangalia. Mitatu mitatu. Miwili mirefu, mmoja mfupi.

Mzee_wa_Korongo
Basi huo ni pakipodiamu, kwao kusini mwa Madagaska. Si mnazi wala si kaktasi. Kijana wa Chamwino, minyaa yenye miiba huitoa miwili miwili, na ukiikwangua inamwaga maziwa mazito. Hiyo kweli ukichomeka kipande kinaota. Huu ukiukata kichwa na kukichomeka, mara nyingi kinaoza tu. Wenyewe huoteshwa kwa mbegu. Ndiyo maana nimekuzuia, mama.

Kudondosha majani si ugonjwa. Kwao mvua inaanza karibu na Novemba na kuisha karibu na Aprili, sawa na huku kwetu. Kiangazi na baridi ya Juni vikiingia unavua majani na kulala. Ulichofanya ni kumnywesha uji mtu aliyelala.

Sasa hilo la kubonyea. Ungekuwa na kiu, shina zima lingesinyaa kidogo na kufanya mikunjo. Kubonyea chini peke yake ni kuoza. Samadi imeshika maji, tundu la msumari limeziba, na usiku wa Juni huku ni baridi, hivyo udongo haukauki.

Ung'oe kesho, kuna jua. Viringisha gunia, si kanga. Kung'uta udongo wote. Mzizi mweusi unaoteleza ukate. Pale palipolegea kwangua kwa kisu safi mpaka ukutane na nyama nyeupe ngumu, usionee huruma. Pakaa salfa ya unga, ile ya wakulima wa zabibu. Usipoipata, unga wa mkaa. Ulaze kivulini penye hewa wiki mbili bila udongo.

Ndipo uupande kwenye chungu cha udongo wa kuchoma, chenye matundu ya kupitisha kidole. Mchanga mkubwa wa korongoni sehemu mbili, kokoto ndogo moja, udongo moja. Samadi sahau. Maji usitie hata tone mpaka uone majani mapya.

Bibi_Shamba_Bahi
Na hicho kisima, binti? Ukiona ukoko mweupe kwenye ukingo wa ndoo, hiyo ni chumvi. Mvua zikianza kinga maji ya bati, mmwagilie hayo.

Nesi_Makulu
Kwa kuwa jina lako ni MamaWawili: utomvu wake ni sumu, vaa glavu, kisu kisirudi jikoni. Na ninyi wa uzio wa minyaa, maziwa yake yakiingia jichoni safisha kwa maji mengi, kisha hospitali. Msisubiri asubuhi.

Kijana_Chamwino
Sawa, nimenyoosha mikono. Ila ukipona ataupanda chini? Unafika wapi?

Mzee_wa_Korongo
Kwao unafika mita sita. Dodoma unaweza kukaa nje moja kwa moja, mradi uwe juu ya tuta na si kwenye udongo mweusi wa mbuga unaotuamisha maji. Oktoba au Novemba, joto likirudi. Na usiwe njia ya watoto kwenda chooni usiku.

MamaWawili_Kisasa
MREJESHO. Wiki ya tatu leo.

Ukoko mweupe ulikuwepo, bibi, nilidhani ni rangi inabanduka. Mizizi mitatu ilikuwa imegeuka kama majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa, na harufu yake ikawafukuza watoto wenyewe. Kwenye shina nilikwangua kidonda upana wa sarafu ya mia mbili, mkono ukitetemeka. Salfa nilipewa na jirani mwenye mizabibu, kijiko kimoja kwenye kipande cha gazeti.

Jumamosi niliuingiza kwenye chungu. Asubuhi hii nimebonyeza pale pale, pagumu. Majani yote manne yamekwisha, imebaki fimbo ya miiba, na mume wangu anauliza kila akipita kwa nini tunatunza fimbo.

Mchokozi, picha yako hiyo hapo.