Panya aliyekataliwa na chatu mmoja, nimpe mwingine au nitupe?

Mgeni wa Columbus

Wakuu, heshima kwenu. Niko Columbus, Ohio. Huku kufuga nyoka si habari ya kumshangaza jirani, na panya waliogandishwa wanauzwa kwa saizi yoyote unayotaka. Ninao sita: chatu wanne wa Afrika Magharibi (wale wafupi wanaojiviringisha wakitishwa), mmoja mwekundu wanayemwita nyoka wa mahindi, na mmoja wa California mwenye pete nyeusi na nyeupe. Huyu wa mwisho hajawahi kukataa kitu, hata kidole changu anakitamani.

Jumamosi jioni huwa nayeyusha panya wote kwa mpigo kwenye ndoo ya maji ya moto. Tangu baridi iingie, madume wawili wa chatu wananusa tu, wanageuza kichwa. Nabaki na panya wawili wa moto mkononi, na saizi ile si bei ya karanga. Je, nimpe nyoka mwingine? Nirudishe friza? Au nimwache ndani ya kizimba hadi asubuhi? Mjue pia kwamba kati ya wale chatu kuna jike mgeni, nimemchukua majuzi kwa jamaa aliyekuwa anahama.

Mke wangu naye ana swali lake kuhusu friza, ila tuanze na haya.

Bi Leicester

Kaka, karibu. Mimi nafuga hapa Uingereza, chumba kizima ni chao, kwa hiyo mabaki nayajua.

Friza hapana. Panya akishapashwa, vijidudu vya tumboni mwake vinaanza kazi. Ukimgandisha tena vingi havifi, vinalala tu, na siku ukimpasha mara ya pili unamlisha nyoka kitu kilichokwisha anza kuoza. Atatapika. Nyoka akitapika, unakaa wiki mbili humlishi, halafu unarudi na panya mdogo kabisa. Sasa piga hesabu kipi ghali.

Ila kwako tatizo linaanzia kwenye ndoo. Kwa nini uwapashe wote sita wakati unajua wawili wamesusa? Ijumaa usiku watoe friza, wafunge kwenye mfuko, uwaweke chini kabisa kwenye jokofu wayeyuke polepole. Jumamosi unapasha mmoja mmoja. Mtie kwenye mfuko mwingine asilowe, mzamishe kwenye maji ya moto ya bomba mpaka ukimgusa kichwa ukisikie kina joto. Kichwa ndicho muhimu. Chatu ana vishimo vya kuhisi joto kwenye mdomo wa juu, na panya mwenye kichwa baridi kwake ni kama jiwe. Maikrowevu usithubutu, panya anapasuka na nyumba utaihama. Ambaye hajapashwa akabaki kwenye jokofu, kesho yake bado anafaa.

Kuhusu kumpa mwingine: inawezekana, lakini kwa mpangilio. Anza na wanaodeka, malizia na mlafi. Panya aliyekataliwa na dume unayemjua, mwenye afya, anayekunya vizuri, asiye na utitiri, mpe anayefuata papo hapo angali na joto. Asikae mezani ukienda kuswali ukirudi.

Mgeni wako ndiye wa mwisho kabisa, baada hata ya huyo mlafi, na koleo lake peke yake. Alichokataa yeye hakiendi kwa mtu mwingine, kinaenda pipani, hata kama amekinusa tu. Yeye anaweza kupokea cha wenzake, wenzake wasipokee chake. Kuna kijidudu kinaitwa kriptosporidiamu, kinafanya ukuta wa tumbo la nyoka uvimbe, anatapika kila anachokula na kukonda mpaka anakwisha. Dawa ya uhakika hakuna, na jiki ya kawaida hakiiogopi. Nyoka anaweza kuwa nacho na usimwone na dalili yoyote. Mimi mgeni namtenga chumba kingine miezi mitatu, wanaosema ni ushamba waseme.

Huyo wa California usimfanye jalala. Panya wa chatu mkubwa hamwenei. Apewe unene wa mwili wake, basi. Na asikutane na wenzake wakati wa kula, maana porini hata nyoka wenziwe ni chakula chake.

Kumwacha panya usiku kucha: kwa chatu mwenye haya ni sawa. Mweke juu ya sahani karibu na mlango wa pango lake, zima taa, ondoka. Asubuhi kama yupo, tupa. Kizimba kina joto, kufika mchana utajuta.

Na hao madume waache. Majira haya wanawaza majike, wanaweza kususa miezi. Wapime kwenye mizani ya jikoni. Kama uzito haujashuka hata asilimia 10, usiwayeyushie kitu kila Jumamosi, jaribu mara moja kwa mwezi. Halafu chatu mzima kula kila wiki ni kunenepeshwa tu, wiki mbili au tatu zinamtosha.

Mtunza Nyoka Arusha

Bi mkubwa kamaliza. Naongeza kwa wanaolisha panya hai kama tulivyofanya huku kwenye bustani yetu ya nyoka zamani: usimwache humo ukaenda kunywa chai. Nyoka asiye na njaa hajitetei, panya anamtafuna mgongo mpaka mfupa uonekane. Nilishamwona mmoja, ngozi imetoka kipande cha kiganja, na alikuwa mkubwa wa kutisha watalii. Sasa tunatoa waliokufa, wanaobaki anamaliza kenge. Panya aliyetoka kizimbani harudi kwenye banda la kuzalishia.

Na wadau wa nyumbani mnaosoma hapa msije mkaokota chatu shambani mkamweka chumbani. Bila kibali cha wanyamapori hiyo ni kesi.

Mgeni wa Columbus

Asanteni sana, bi mkubwa nimekuelewa, ndoo imestaafu. Sasa la mke wangu: hataki panya walale na samaki wake. Mimi nasema wamefungwa mifuko miwili, shida iko wapi?

Nesi wa Zamu

Mke wako yuko sahihi, shemeji yetu apewe haki yake. Salmonela, bakteria wa kuharisha, haiuliwi na barafu. Mwaka 2010 hapo hapo Marekani watu waliugua kutokana na panya waliogandishwa wa kulishia nyoka, na watoto wadogo ndio huumia zaidi. Nunua kifriza kidogo cha mtumba, kikae gereji. Na kule kuyeyusha kwenye jokofu, tumia boksi lenye mfuniko, lisilotumika kwa kitu kingine. Usioshe koleo kwenye sinki la vyombo. Ukimaliza kulisha, sabuni, ndipo ushike mtoto.

Mabaki funga mifuko miwili, pipa la nje, usiku wa kuamkia siku ya gari la taka. Usizike uani, rakuni, wale wanyama wapekuzi wa huko, watafukua.

Mgeni wa Columbus

Kifriza nimekiona kwa jirani anauza dola 40. Mke kasema nilipe leo leo.