Naomba ushauri: ekzosi ya dizeli ya zamani, nibadilishe ipate nguvu?

Wakuu, habari zenu. Nina pikapu ya Land Cruiser, injini 1HZ, lita 4.2, silinda 6, haina tabo (ile feni ya kusukumia injini hewa ya ziada). Ikiwa tupu haina neno, ila ikibeba mzigo mlimani narudi mpaka gia namba mbili na moshi mweusi unafunika gari la nyuma.

Juzi nimeingia uvunguni. Sailensa imeoza, ukiigonga inamwaga kutu kama unga, na bomba limebonyea kwenye kona. Fundi anataka tufunge bomba la inchi 3 moja kwa moja, bila sailensa. Mimi naona bila tabo nitaambulia kelele tu (majirani tayari wananilalamikia).

Nianze na nozeli (zinazopuliza dizeli kwenye injini), pampu ya dizeli na chujio la hewa, au ekzosi kwanza? Aliyewahi kufunga inchi 2.5 anieleze alipata nini.