Pua ya vakyumu imekatika, nyuzi zimebaki ndani ya manifodi

Mwenye gari
Wakuu, habari za kazi. Nilikuwa nabadilisha mpira unaotoka kwenye manifodi ya hewa (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) kwenda kwenye busta ya breki. Ulikuwa umegandia. Nikauzungusha kidogo tu, nikasikia "ta!", pua ya plastiki, kile kiungio mpira unapochomekwa, ikakatika usawa kabisa na manifodi. Sehemu yote yenye nyuzi za skrubu imebaki ndani ya tundu. Manifodi ni ya aluminiamu. Nikiwasha, inapiga mluzi, mzunguko unapanda na kushuka wenyewe, taa ya injini imewaka na mashine ya kupima inasoma msimbo P0171, yaani hewa ni nyingi kuliko mafuta. Jirani anasema nitoboe kwa drili, au nizibe kwa gundi ya chuma niendelee kutembea. Nifanye lipi?

Dereva wa usiku
Ziba tu mkuu. Mimi niliziba mpira mmoja mwembamba, nikatembea miezi bila shida.

Fundi mstaafu
Ndugu yangu, weka drili chini kwanza. Na hilo la kuziba, hapana. Mpira mwembamba ni kitu kingine. Huu ni wa breki. Busta inasaidia mguu wako kwa unyonyaji wa injini. Ukiuziba, pedali itakuwa ngumu kama umekanyaga jiwe, na gari litasimama mbali kuliko ulivyozoea. Usilitoe barabarani mpaka umalize.

Kuhusu drili, nakwambia kwa uchungu. Niliwahi kutoboa kiungio cha shaba manifodi ikiwa bado imefungwa kwenye injini. Nilipowasha ikaanza kugonga. Nikafungua plagi ya silinda ya tatu, nikakuta ncha yake imepigwa ikalala. Kipande kidogo kama punje ya mchele kilikuwa kimeingia, na ilinibidi nifungue kichwa kizima cha injini kwa ajili yake.

Kwa kuwa chako ni plastiki, una bahati. Injini iwe imepoa kabisa, toa waya hasi wa betri. Chukua bisibisi bapa kuukuu, upana wake uzidi kidogo tundu la ndani la kile kipande. Pasha ncha kwa moto, mbali na gari, kisha isukume katikati ya plastiki mpaka izame kama milimita tano. Usiiguse tena. Isubiri ipoe, dakika mbili tatu, plastiki iishike. Halafu zungusha polepole kinyume cha saa. Mara nyingi kinatoka kizima, nyuzi zote zikionekana. Kikigoma, fungua manifodi uitoe nje, ndipo ukate kwa msumeno wa chuma kutoka ndani, mkato mmoja, bila kugusa nyuzi za aluminiamu.

Mwenye gari
Asante sana mzee wangu. Kimetoka! Mara ya kwanza kiliteleza kwa sababu sikusubiri kipoe, mara ya pili kikaja chote. Nimepata pua ya shaba, inaingia raundi mbili vizuri kisha inakaza. Niilazimishe kwa spana?

Fundi mstaafu
Usilazimishe hata kidogo! Kuna nyuzi za aina mbili zinazofanana sana: ya nusu ya robo inchi, yaani 1/8, aina ya Kimarekani ina nyuzi 27 kwa inchi, ya Kiingereza ina 28. Zinaanza pamoja kisha zinakwama, na aluminiamu ndiyo inayoumia. Nenda na kile kipande ulichotoa, ulinganishe nyuzi kwa nyuzi, maana pengine yako ni ya milimita.

Ukipata sahihi, paka gundi ya maji ya kuzuia kuvuja, uache nyuzi mbili za mbele wazi ili isinyonywe ndani. Kaza kwa mkono, halafu spana kidogo tu. Kabla ya kurudisha mpira, puliza ndani ya vali yake: hewa ipite kuelekea injini tu.

Mwenye gari
Ilikuwa ya milimita kweli. Nimefunga, mluzi umekwisha, mzunguko umetulia. Breki nimejaribu hivi: injini imezimwa, nikakanyaga mara tano mpaka pedali ikawa ngumu, nikaishikilia, nikawasha. Imeshuka kidogo chini ya mguu.

Fundi mstaafu
Hiyo kushuka ndiyo busta inavuta. Futa ule msimbo wa P0171, tembea taratibu karibu na nyumbani, na ukirudi kagua tena kile kiungio injini ikiwa ya moto.