Kwa nini kifua kikuu hakipungui katika maeneo ya mipakani?

Swali

Ndugu zangu, natumaini hamjambo. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii katika eneo lililo jirani na mpaka wa nchi mbili, na kuna jambo linaloninyima raha. Katika kikao nilichohudhuria hivi karibuni, wengi walisema kwamba kifua kikuu huletwa na wageni, na kwamba ukaguzi mkali wa wasafiri getini ungeumaliza ugonjwa huu. Mimi nimewahudumia wagonjwa ambao hawajavuka mpaka hata siku moja, na nimewaona wengine waliovuka wakiwa wazima wakarudi wanakohoa. Naomba mwenye ujuzi anieleze ugonjwa huu unaeneaje hasa katika maeneo ya namna hii, na kwa nini baadhi ya walioanza dawa hurudi baada ya miezi michache wakiwa hoi kuliko mwanzo.

Jibu la muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu

Ndugu, umefanya vyema kutonyamaza. Kimelea cha kifua kikuu, ambacho Robert Koch alitangaza kukigundua tarehe 24 Machi 1882, husafiri hewani. Mgonjwa wa mapafu akikohoa, akiimba au hata akizungumza, hutoa chembe ndogo mno zinazoweza kuelea kwa saa kadhaa katika chumba kisichopitisha hewa, ilhali nje, penye upepo na jua, hutawanyika na vimelea hufa. Kwa hiyo mtu anayepita getini kwa dakika chache si wa kuhofiwa sana. Wa kuhofiwa ni usiku mzima katika chumba kimoja wanamolala vibarua wanane, au katika kichwa cha lori ambamo dereva na utingo wake wanasubiri kibali kwa siku tatu huku wamefunga vioo kwa kuogopa wezi, au katika mahabusu ya waliokamatwa bila hati. Mipaka hukusanya mahali pa namna hiyo kwa wingi, na wenyeji hulala, hufanya kazi na husubiri humo humo pamoja na wasafiri.

Ukaguzi wa getini nao una mipaka yake. Inakadiriwa kwamba takribani robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa kimelea hiki, lakini kati yao ni asilimia 5 hadi 10 tu watakaougua katika maisha yao, wengi wao katika miaka miwili ya kwanza baada ya kuambukizwa. Virusi vya Ukimwi, utapiamlo na kisukari huongeza hatari hiyo. Kimelea kinaweza kuvuka kikiwa kimelala ndani ya mtu asiye na kikohozi wala homa, na kipimajoto kinachoelekezwa kwenye paji la uso hakiwezi kumtambua.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6: miezi 2 ya dawa nne, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, hamu ya kula hurudi na mwili hupata nguvu, na hapo ndipo kazi ya ng'ambo ya pili inapomwita mtu. Nakumbuka mgonjwa mmoja aliyetufikia na vidonge vilivyofungwa katika kipande cha gazeti, bila kadi wala barua. Alisema amemeza dawa kwa wiki kumi na moja. Ilituchukua siku tatu kuipata kliniki alikoanzia, na tulipoipata tukaambiwa kwamba katika daftari lao alikwisha kuandikwa mtoro wa dawa, ilhali kwetu alikuwa karibu kuandikwa mgonjwa mpya. Mtu yule hakutoroka. Alifuata riziki yake, na alibeba dawa zake mpaka zikamwishia njiani. Dawa zikikatika hivyo, vimelea vilivyobaki hupata nafasi ya kuzaana, na vile vinavyoweza kuihimili dawa ndivyo vinavyotamalaki. Anayeambukizwa na mgonjwa huyo hupata vimelea sugu, yaani visivyosikia dawa, tangu siku ya kwanza, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kumeza kidonge.

Jibu la mfanyakazi wa zamani wa mgodini

Naunga mkono yaliyosemwa, nami naongeza la kazi yenyewe. Kusini mwa Afrika, kwa vizazi kadhaa, wanaume kutoka Lesotho, Msumbiji na Eswatini wamekwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini, ambako vumbi la silika, yaani vumbi laini la mawe, huharibu mapafu na kuyaacha dhaifu mbele ya kifua kikuu, na hatari hiyo haiishi mtu anapoacha kazi. Wengi walirudi kwao wakiwa wagonjwa, mbali na daktari aliyejua historia yao. Mwezi Agosti 2012 wakuu wa nchi za SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za Kusini mwa Afrika, walitia saini tamko kuhusu kifua kikuu katika sekta ya madini, wakakiri kwamba hakuna nchi inayoweza kulimaliza tatizo hilo peke yake. Mtu wa aina hii anaweza kuwa ameambukizwa kazini ugenini, akaja kuugua kwao, na jirani akadhani ugonjwa umeanzia kijijini.

Jibu la afisa mifugo

Kwa kifupi: msisahau maziwa. Ipo aina ya kifua kikuu inayotoka kwa ng'ombe, na mifugo huvuka mipaka kwa kufuata malisho na soko. Katika eneo la San Diego, nchini Marekani, wagonjwa wa aina hiyo wamehusishwa na jibini ya maziwa mabichi inayotoka Mexico. Kuchemsha maziwa huua vimelea hivyo. Ni sehemu ndogo ya tatizo lote, lakini tuiulizie kila mara, kwa kuwa kimelea hicho kwa asili hakisikii pirazinamidi, moja ya zile dawa nne.

Muuliza swali

Nawashukuru sana, nimeelewa mengi. Limebaki moja. Wapo wanaokuja bila hati, nao hujificha wanapokohoa kwa kuhofia kurudishwa kwao. Hao nifanye nao nini?

Muuguzi

Hapo ndipo maneno ya kikao chenu yanapoleta madhara, kwa maana mtu anayejificha huendelea kukohoa katika chumba kile kile chenye watu wanane. Mpokee, na usianze kwa kuuliza hati. Muulize amekohoa kwa muda gani, anatoka jasho usiku, amepungua uzito, na analala chumba kimoja na nani. Chukua makohozi, kwa mashine ya GeneXpert kipimo chenyewe huchukua takribani saa mbili, na huonyesha kama rifampisini, nayo ni moja ya zile dawa nne, bado inafanya kazi. Watu anaolala nao chumba kimoja, hasa watoto wadogo, wachunguzwe, na wasio wagonjwa wapewe dawa ya kinga. Siku hizi upo utaratibu wa kumeza mara moja kwa wiki, dozi 12 tu, ambao anayesafiri anaumudu kwa urahisi zaidi.

Na mgonjwa akikuambia kwamba wiki ijayo anavuka, usimgombeze, ataacha kukuambia. Mwandikie barua yenye majina ya dawa, tarehe aliyoanza na majibu ya kipimo, kwa lugha inayosomeka upande wa pili, na umwombee kliniki dawa za kutosha mpaka afike. Kisha ipigie simu kliniki ya huko angali amekaa mbele yako, umpe azungumze na muuguzi atakayempokea, ili akivuka awe anamjua mtu mmoja kwa jina.